Mwaka Mmoja Chini ya Sakafu ya Kanisa Kuu: Uchambuzi wa Kisa cha Akina Mama wa Wafungwa wa Kisiasa, Nairobi, 1992–1993

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea kweli, na jengo lilipotokea haliwezi kufichwa jina, kwa kuwa historia ya jengo hilo ni nusu ya kisa chenyewe. Ni Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, la Waanglikana, jijini Nairobi. Viongozi ambao matendo yao ni sehemu ya kumbukumbu za umma wametajwa. Akina mama waliolala ndani ya kanisa hilo hawakutajwa, wala wana wao, wala vijiji walikotoka, wala mashtaka ya mfungwa mmoja mmoja. Baadhi ya majina hayo yanajulikana sana nchini Kenya, lakini somo la kisa hiki halitegemei mtu kujua ni mama wa nani aliyelala wapi.

Andiko hili limekusudiwa wale ambao siku moja watajikuta na funguo za jengo la namna hiyo mkononi: maprovosti (yaani wakuu wa makanisa makuu), makasisi, wazee wa kanisa, wajumbe wa mabaraza, na hata bawabu wa lango, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kuulizwa kama kuna nafasi ndani. Swali linaloongoza uchambuzi ni moja. Watu wanaoikimbia serikali yao wanapoingia katika kanisa kuu la kihistoria, wakakaa humo huku ibada zikiendelea, ni kitu gani hasa kinachowalinda?

Usuli

Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Watakatifu Wote liliwekwa tarehe 3 Februari 1917 na Gavana wa Uingereza, Sir Henry Conway Belfield. Ramani ilichorwa na Temple Moore, msanifu Mwingereza aliyependa kuta nene za mawe, matao yaliyochongoka na madirisha ya vioo vya rangi, kana kwamba mvua ya Nairobi ni ile ya Yorkshire. Ujenzi ulikwenda kwa awamu na kwa miaka mingi. Jengo liliwekwa wakfu likiwa limekamilika mwaka 1952, mwaka uleule ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Tangu mwanzo, basi, kanisa hili lilikuwa na sura mbili. Lilikuwa nyumba ya sala, na lilikuwa pia mahali ambapo utawala ulikuja kuonekana ukisali. Anayedai kwamba siasa iliingia katika kanisa hili mwaka 1992 amesahau ni nani aliyeshika mwiko wa kuweka jiwe la kwanza.

Baada ya uhuru sura hizo mbili hazikufutika, zilibadili wenyewe tu. Waumini wakawa Wakenya wa kila tabaka, na katika viti vilevile walikaa mawakili, makatibu wa wizara, wafanyabiashara, wanafunzi na wafanyakazi wa nyumbani.

Mahali kanisa liliposimama ni muhimu kuliko usanifu wake. Lipo kando ya Kenyatta Avenue, barabara inayopanda kutoka katikati ya jiji, likipakana na eneo la bustani za Uhuru Park. Anayeshuka kwa miguu kutoka kanisani anafika kwa dakika chache kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Upande mmoja wa makutano hayo ipo pembe ya bustani ambayo baadaye iliitwa Freedom Corner. Upande wa pili lipo jengo refu la serikali, Nyayo House, ambako wananchi walikwenda kutafuta pasipoti na huduma nyingine za kawaida, na ambako katika vyumba vya chini ya ardhi maafisa wa usalama waliwatesa watu walioshukiwa kuipinga serikali, hasa kuanzia msako wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, mwaka 1986. Msomaji aihifadhi picha hii: barabara moja, na vyumba viwili vya chini ya ardhi, kimoja chini ya ofisi za serikali na kingine chini ya kanisa kuu.

Hali ya nchi inaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwaka 1982 Katiba ilifanyiwa marekebisho kwa kuingizwa Kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo liliongeza woga na vizuizi. Uchaguzi wa 1988 ulitumia kura ya mlolongo, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake mbele ya macho ya machifu. Vyama vilipopigwa marufuku na magazeti kutishwa, mimbari ilibaki kuwa moja ya sehemu chache zilizoweza kusema. Maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari wa Kanisa Anglikana, pamoja na Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri, walisema, na walilipa gharama. Askofu Muge alifariki katika ajali ya barabarani Agosti 1990, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani asikanyage Busia. Wafadhili wa nje walisitisha misaada Novemba 1991, na Desemba mwaka huo Kifungu cha 2A kikafutwa.

Vyama vingi viliporuhusiwa, watu waliofungwa kwa kuvidai walikuwa bado gerezani. Hapo ndipo akina mama wanapoingia. Wengi wao walikuwa wanawake wa umri mkubwa, wakulima wa vijijini, ambao hawakuwa wanasiasa wala hawakutaka kuwa. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka hata na mtoto: kama kosa limefutwa katika Katiba, mkosaji anafungwa kwa kosa gani?

Mfululizo wa matukio

Akina mama hao walimwendea Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, shirika la upandaji miti. Miaka mitatu hivi kabla ya hapo, Maathai alikuwa ameongoza upinzani dhidi ya mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na mpango huo ukaachwa. Tarehe 28 Februari 1992 kundi hilo lilikwenda ofisini kwa Mwanasheria Mkuu likiwa na ombi la kufunguliwa kwa wafungwa 52 wa kisiasa. Waliambiwa warudi nyumbani wakati suala lao likishughulikiwa. Hawakurudi. Walishuka hadi kwenye pembe ya Uhuru Park, wakatandika, wakatangaza kwamba watasusia chakula wakiwangoja wana wao.

Siku zilizofuata, watu walianza kuja. Kwanza walikuja kutazama, kisha kuketi, kisha kusema. Wanaume waliopitia vyumba vya Nyayo House walisimama mbele ya umati na kueleza walivyofanyiwa, wengi wao kwa mara ya kwanza, huku jengo lenyewe likiwa ng'ambo ya barabara. Nadhani hiki ndicho kilichoifanya serikali ikose subira. Akina mama wanaosusia chakula wanaweza kupuuzwa kwa wiki nzima, lakini kijana anayenyoosha kidole kuelekea dirisha fulani na kusema alikuwa chini yake, hapuuziki.

Tarehe 3 Machi, alasiri, polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai, akapelekwa hospitalini. Baadhi ya akina mama walivua nguo zao mbele ya askari. Kwa msomaji asiyejua maana ya tendo hilo katika jamii nyingi za Kenya, inatosha kusema kwamba mama anayemvulia nguo mwanamume wa umri wa mwanawe hajiaibishi yeye. Anamwondolea huyo mwanamume radhi, na hakuna cheo wala sare ya kazi inayomkinga. Askari wengine waligeuza nyuso. Jioni ilipofika, bustani ilikuwa tupu, na baadhi ya akina mama walikuwa wamerudishwa makwao kwa nguvu.

Siku iliyofuata walirudi Nairobi. Uhuru Park ilikuwa chini ya ulinzi, kwa hiyo walipanda barabara hadi Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Provosti wakati huo alikuwa Mchungaji Peter Njenga. Aliwapokea, na wakapewa mahali pa kukaa katika chumba kilicho chini ya sakafu ya kanisa. Kwa kalenda ya Kanisa siku hiyo, tarehe 4 Machi 1992, ilikuwa Jumatano ya Majivu, siku ambayo waumini huambiwa wakumbuke kwamba wao ni mavumbi. Sidhani kama kuna aliyeipanga sadfa hiyo, wala haihitaji kupambwa.

Hawakutoka hadi mwaka uliofuata. Kwaresima ikapita juu ya vichwa vyao, kisha Pasaka, Pentekoste na majira marefu ya Jumapili za kawaida, na Majilio yakaanza wakiwa palepale. Ndoa zilifungwa, watoto wakabatizwa, kwaya zikafanya mazoezi. Chini, akina mama walipika, waliugua, walisali, walipokea wageni na waandishi wa habari. Chakula na blanketi vililetwa na watu wa kawaida. Askari walionekana kulizunguka eneo la kanisa mara kwa mara, lakini akina mama hawakutolewa. Tarehe 29 Desemba 1992 Kenya ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960, na Rais Moi akashinda dhidi ya upinzani uliogawanyika. Akina mama walikuwa bado chini ya sakafu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kwenda kanisani, ulikuwa wa akina mama wenyewe na wenzao, na ulikuwa na sababu za vitendo zaidi ya ilivyo kawaida kuelezwa. Kanisa lilikuwa karibu. Lilikuwa na lango, maji na paa. Lilikuwa kwenye barabara kubwa, karibu na hoteli ambamo wageni na waandishi wa nje walifikia, kwa hiyo askari asingeweza kuingia bila kuonekana. Wengi wa akina mama walikuwa Wakristo, na walijua kwa hakika kwamba kasisi hawezi kumwambia mama mzee aliyejeruhiwa asiingie kusali. Waliomba kitu ambacho ni vigumu kukataa, na hilo ni tofauti na kuomba kitu ambacho ni haki yao.

Tofauti hiyo inahitaji kutazamwa. Agano la Kale linajua miji ya makimbilio, aliyoiamuru Musa kwa ajili ya mtu aliyeua bila kukusudia, na linajua pia desturi ya kushika pembe za madhabahu. Linajua vilevile kwamba desturi hiyo iliweza kuvunjwa: Yoabu alizishika pembe hizo, na Sulemani akaamuru auawe papo hapo. Uingereza ya zamani ilikuwa na sheria iliyompa mhalifu kinga ndani ya kanisa, ikafutwa katika karne ya 17. Sheria ya Kenya ya mwaka 1992 haikuwa na kinga yoyote ya namna hiyo. Afisa wa polisi angeweza kuingia katika chumba kile usiku wowote.

Uamuzi wa pili ni wa provosti, na huo ndio kiini cha kisa. Provosti hakulazimika kuamua juu ya chama, wala juu ya hatia ya mfungwa hata mmoja. Alitakiwa kuamua kama akina mama hawa walale ndani au nje. Ninavyousoma uamuzi wake, nguvu yake ilitoka hapo hasa, katika udogo wa swali. Kiongozi wa kanisa anayeitisha mkutano wa hadhara kudai wafungwa wafunguliwe anaweza kujibiwa kwa hotuba. Kiongozi anayesema kwamba wajane na mama wazee wamelala kwake kwa kuwa hawakuwa na pa kulala ni vigumu kumjibu. Wakati huohuo hakuwa mjinga wa siasa. Kila mtu aliyepita Kenyatta Avenue alijua akina mama wale walikuwa wanamngoja nani.

Uamuzi wa tatu ni wa serikali, na hutajwa mara chache: ni uamuzi wa kutoingia. Kwa nini dola iliyowapiga akina mama hadharani mchana wa Jumanne iliwaacha kwa mwaka mzima mita mia chache kutoka hapo? Sababu za nje zilikuwepo, kwa maana wafadhili walikuwa wamefunga mifuko na balozi zilikuwa zikitazama. Lakini ilikuwepo sababu ya ndani zaidi. Rais Moi alikuwa muumini wa Africa Inland Church, na kila Jumapili jioni taarifa ya habari ya KBC, shirika la utangazaji la serikali, ilianza kwa picha zake akiwa kanisani, popote alipokuwa nchini. Utawala ulikuwa umejenga uhalali wake kwa miaka mingi juu ya sura ya kiongozi anayesali. Askari wakiburuta bibi vizee kutoka chini ya madhabahu, picha hiyo ingeonekana kando ya picha ya Jumapili. Ile sura ya pili ya jengo, ambayo Gavana Belfield aliiweka mwaka 1917 kwa manufaa ya utawala, ilikuwa sasa inaufunga mikono utawala.

Matokeo

Wafungwa walianza kufunguliwa, na mapema mwaka 1993 wote 52 isipokuwa mmoja walikuwa wametoka. Akina mama wakaondoka kanisani. Mfungwa aliyebaki alikaa gerezani miaka kadhaa zaidi, wakati ambapo kamera na wageni walikwisha kuondoka. Pembe ya bustani ikabaki na jina la Freedom Corner katika vinywa vya watu. Maathai aliendelea na kazi yake, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Milango ya vyumba vya chini vya Nyayo House ilifunguliwa kwa umma Februari 2003, baada ya serikali kubadilika, na baadhi ya walioteswa humo waliingia tena, safari hii wakiwa wao ndio wanaowaonyesha wengine njia.

Uchambuzi

Maelezo yaliyozoeleka ya kisa hiki husema kwamba kanisa kuu liliwafungua wafungwa. Siyakubali. Wafungwa walifunguliwa na mkusanyiko wa mambo: kufutwa kwa Kifungu cha 2A, shinikizo la misaada, uchaguzi uliopita na ambao serikali haikuuogopa tena, mawakili waliokaa mahakamani siku baada ya siku, na ukaidi wa akina mama wenyewe. Kanisa kuu lilitoa kitu kimoja tu, nacho ni muda. Katika bustani akina mama walipata siku tano. Chini ya sakafu walipata takribani mwaka. Kudai kunakoweza kuendelea mwaka mzima ni kitu cha aina nyingine kabisa, kwa kuwa serikali iliyozoea kungoja wapinzani wachoke, hapa ilijikuta ndiyo inayongojwa.

Muda huo ulilindwa na nini? Hapa ndipo ninapoona somo kuu, na ndipo ninapotofautiana na wale wanaogawa kazi za kanisa kuu katika mafungu mawili, ibada upande huu na uraia upande ule, kana kwamba provosti akizidisha hili atapunguza lile. Akina mama walilindwa na ibada ya kawaida iliyokuwa ikiendelea juu yao. Kama ibada zingesimamishwa na kanisa kugeuzwa kambi, jengo lingekuwa tu jumba jingine lenye waandamanaji ndani, na majumba ya namna hiyo polisi wanajua kuyaingia. Lakini kila Jumapili watu wa kila tabaka waliingia, wakiwemo watumishi wa serikali ileile, wakaimba, wakapokea Ushirika, wakatoka. Kila mmoja wao alikuwa shahidi bila kuapishwa. Bi harusi aliyepanda ngazi na shela lake alikuwa sehemu ya ulinzi wa akina mama bila yeye kujua.

Mambo mengine yaliyofanikiwa nayapitia kwa haraka. Dai lilibaki moja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na akina mama hawakukubali liongezwe madai ya vyama. Wasemaji walikuwa wao wenyewe, huku wasomi na mawakili wakibaki nyuma yao. Mshikamano ulivuka mipaka ya makabila kwa kiasi ambacho wanasiasa wa upinzani, mwaka huohuo, walishindwa kabisa kukifikia.

Yaliyoshindikana yanahitaji maneno zaidi. La kwanza ni kwamba hifadhi hii ilisimama juu ya mtu na hali, haikusimama juu ya utaratibu. Hapakuwa na mwongozo wa kanisa unaosema nani anaweza kupokewa, kwa muda gani, kwa masharti gani, nani anasemea wageni na nani anasemea kanisa, nani analipa maji, na nini kinafanyika polisi wakileta hati ya upekuzi. Mlango ulifunguliwa kwa dhamiri, na dhamiri ni jambo jema, ila haihamishwi ofisini kama faili provosti mmoja anapoondoka na mwingine kuingia.

La pili ni mzigo wa akina mama wenyewe. Mwaka mmoja katika chumba cha chini ni mrefu kwa mwili wenye umri mkubwa. Mashamba yaliachwa, wajukuu waliachwa. Tunapolisifu jengo ni rahisi kusahau kwamba gharama kubwa zaidi hawakuilipa wenye jengo.

La tatu linaonekana tu mtu akitazama mbele. Tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, wapigania mageuzi ya Katiba walipokuwa ndani ya kanisa kuu hilohilo, polisi waliingia. Walirusha gesi na kupiga watu ndani ya jengo, akiwemo Mchungaji Njoya. Kuta zilikuwa zilezile, na rais alikuwa yuleyule, akiendelea kuonekana kanisani kila Jumapili. Kwa nini kilichozuia mwaka 1992 hakikuzuia mwaka 1997?

Ninaona tofauti mbili. Mwaka 1992 ndani kulikuwa na akina mama, na kumpiga mama tayari kulikuwa kumeigharimu serikali tarehe 3 Machi. Mwaka 1997 ndani kulikuwa na watu ambao afisa wa polisi aliwaona kama mkutano wa kisiasa uliohamia kanisani, sawa na mikutano iliyokuwa ikitawanywa siku hiyo kote jijini. Tena ilikuwa Jumatatu. Hapakuwa na umati wa waumini wa kawaida wa Jumapili wa kuchanganyika nao, hapakuwa na mwaka mzima wa Jumapili kati ya askari na waliokuwa ndani. Kizuizi cha aibu hakikuwa kimejengwa kabla, kwa hiyo aibu ilikuja baadaye. Ilikuja kweli: Askofu Mkuu David Gitari aliongoza ibada ya kulitakasa kanisa, hasira ilivuka mipaka ya madhehebu, na kabla ya mwaka kwisha Bunge lilipitisha marekebisho yaliyolegeza baadhi ya sheria za kukandamiza mikutano. Lakini waliopasuliwa vichwa walikwisha kupasuliwa.

Anayetaka kuona kizuizi hicho kikiwa hakipo kabisa hana haja ya kwenda mbali. Aprili 1994, watu wengi wa Rwanda walikimbilia makanisani kwa kuwa machafuko ya miaka ya nyuma yaliwafundisha kwamba muuaji huishia mlangoni, haingii. Katika makanisa ya Nyamata na Ntarama aliingia. Na nchini Kenya kwenyewe, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia ndani. Makanisa hayo yalikuwa matakatifu sawasawa na lile la Kenyatta Avenue. Yaliyokosekana ni muuaji anayejali kuonekana, na macho ya kumwona.

Kwa hiyo baraza la kanisa kuu lolote linalosoma kisa hiki halipaswi kujiuliza kama jengo lake ni la kale au takatifu vya kutosha. Lijiulize nani anaingia humo siku za kawaida. Je, watumishi wa dola wanasali humo? Je, maskini wa mtaa wanalijua lango, au wanaliona tu kutoka ng'ambo ya barabara? Je, waandishi wa habari wana namba ya simu ya ofisi? Je, wazee wa kanisa wamewahi kukaa na kukubaliana, wakati hakuna anayegonga, juu ya chumba, chakula, msemaji, na muda wa mwisho wa kukaa? Mambo hayo hayawezi kutengenezwa usiku wa tukio. Mwaka 1992 sehemu yake kubwa ilikuwepo kwa sababu vizazi vya waumini, pamoja na wakoloni waliojenga kwa nia nyingine kabisa, walikuwa wameiweka pale. Sehemu ya utaratibu haikuwepo, na miaka mitano baadaye, baada ya polisi kuingia, ikabidi kanisa litakaswe kwa ibada.